Tuelezeni kazi ya Dkt. Migiro, si vyeo vyake tu

Mhariri,

Kwenye ukuta wa darasa la kidato cha tatu ninakofundisha Uraia, hapa Kigoma, pamebandikwa kipande cha gazeti chenye picha ya Dkt. Asha-Rose Migiro. Karatasi imeshageuka rangi, na chini ya picha yapo maneno ambayo magazeti yetu hayachoki kuyarudia: mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania, Mwafrika wa kwanza kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Yote ni kweli, nami najivunia. Lakini mwezi uliopita binti mmoja anayetamani kusomea sheria aliniuliza: "Mwalimu, hiyo sheria aliyoisoma aliifanyia nini huko, ikiwa hakuwa akienda mahakamani?" Nilipekua magazeti niliyoyahifadhi nisione jibu, ndiyo maana naandika.

Kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na baada ya kupata shahada ya uzamivu Konstanz, Ujerumani, mwaka 1992, aliongoza idara ya sheria ya katiba na utawala. Aliingia Baraza la Mawaziri mwaka 2000. Januari 2006 akakabidhiwa Mambo ya Nje, na tarehe 27 ya mwezi huohuo, Tanzania ikiwa kwenye zamu ya urais wa Baraza la Usalama, akaongoza kikao kuhusu Maziwa Makuu ambacho kilipitisha azimio namba 1653. Baadaye akaongoza vikao vya mawaziri vilivyozaa Mkataba wa Usalama, Utulivu na Maendeleo wa kanda yetu, uliotiwa saini Nairobi Desemba 2006.

Ndani ya mkataba huo imo itifaki kuhusu haki za mali za watu wanaorejea makwao, na hapo ndipo sisi wa Kigoma tunapoguswa. Jirani na nyumba ya wazazi wangu aliishi mama mmoja wa Kirundi, muuza mawese, aliyevuka mpaka mwaka 1993 akiwa na watoto wawili. Karatasi za shamba la marehemu mumewe alizifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuzihifadhi kwenye debe la unga. Aliporudi kwao alituletea salamu kwamba shamba lina migomba ya mtu mwingine, na kwamba huyo naye ana karatasi zake. Mjane huyu atasikilizwa na nani, kwa ushahidi gani? Hilo ni swali la mwanasheria hata likiulizwa kwenye meza ya mabalozi, na itifaki hiyo inawataja kwa namna ya pekee wanawake na watoto wanaorejea. Sisemi kwamba Dkt. Migiro ndiye aliyeiandika, kwa kuwa mikataba ya aina hii hupita mikononi mwa wengi. Nasema kwamba mtu aliyezoea kupima kila neno la kifungu ana faida kubwa anapoongoza mawaziri wa nchi zilizokuwa zikitazamana kwa shaka.

Yaliyofuata, yaani Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012 na ubalozi wa London kuanzia 2016, yameandikwa vya kutosha. Kilichoandikwa kwa haraka mno, kwa maoni yangu, ni kipindi chake katika Wizara ya Katiba na Sheria kuanzia 2014, wakati Bunge Maalumu la Katiba likikutana Dodoma na mwalimu wa zamani wa sheria ya katiba akiwa ndiye waziri mwenye dhamana.

Ninaomba gazeti lako limtafute azungumze, au liwatafute waliofanya naye kazi, watueleze jinsi kifungu kimoja kinavyojadiliwa mpaka nchi zinazovutana zikakubali kukitia saini. Makala hiyo nitaibandika kando ya ile picha, na binti yule atakuwa wa kwanza kuisoma.

Mwalimu wa Uraia,
Kigoma Ujiji