Mtoto kasoma mbio, ila kaelewa nini?

Mhariri, naomba kanafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mi ni mama wa watoto watatu, nakaa Mbagala, wa kati yuko darasa la tatu. Kusoma anasoma, tena mbio, Kiswahili chetu si unaunganisha tu silabi, ukishazijua ba be bi basi hata neno hujawahi kulisikia unalitamka, na hapo ndo wazazi tunapodanganyika. Juzi kanisomea habari ya mkulima aliyeweka mbuzi wake rehani, ukurasa mzima hajakwama popote, namuuliza mbuzi kaenda wapi, kimya, halafu akaanza kuusoma upya toka juu. Nikamwambia ni kama jirani yetu alivyoacha tv yake kwa wale wakopeshaji wa kausha damu. Aaah! Akaelewa palepale.

Sasa mjomba wake kamuwekea kwenye simu yangu programu ya akili mnemba, mtoto anasoma yenyewe inamsikiliza. Nilifurahi kwa kweli. Ila nimekaa nao siku tatu naona kazi yake ni kuhesabu maneno na kumpigia makofi akienda haraka, na akisema rehani inasikia rehema, karudia mara nne mpaka machozi yanamlenga. Programu hizi nyingi zimefundishwa kwa sauti za watu wazima, sauti nyembamba ya mtoto zinaipotezea.

Sisemi tuziache. Tanga, 2017 mpaka 2019, watoto karibu 3,000 wa vijiji kama 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili na wasioweza kusoma hata neno moja wakapungua sana, wengi wa watoto hao shule walikuwa hawaendi kabisa. Kwahiyo inawezekana.

Ninachowaomba watengenezaji, programu iulize maswali. Mtoto akimaliza aya imuulize kwa nini, ISUBIRI, isimkimbizie jibu, akikosea imrudishe kwenye sentensi yenyewe, na neno gumu imuelezee kwa mambo anayoyaona mtaani. Mwalimu angefanya hivyo hivyo ila darasani kwao wamejazana, atamuuliza nani amuache nani? Rekodini sauti za watoto wa hapahapa, wa Mbagala, Tandale, Kigamboni, kwa ruhusa ya wazazi wao. Halafu jamani ifanye kazi bila bando, maana simu nyumbani ni moja, naondoka nayo asubuhi narudi nayo saa mbili usiku, na mara nyingi bando lishakata.

Mama wa darasa la tatu,
Mbagala, Dar es Salaam