Sinema yenye chakula Dodoma: anzeni na jiko

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nizungumze na yeyote anayefikiria kufungua hapa Dodoma sinema ya kumpelekea mtu chakula kamili kitini huku filamu inaendelea. Wengi huanza na viti vya kujilaza na rangi za ukutani. Waanze na jiko, maana ndilo litakalowaangusha.

Mgahawa hupokea wateja mmoja mmoja: huyu saa sita na nusu, yule saa saba. Sinema huwapokea wote kwa mkupuo. Chukua ukumbi wenye watu 60, na 40 kati yao wanaagiza ndani ya robo saa ya kwanza. Jiko linalotoa sahani moja kila dakika mbili litatoa ya mwisho baada ya dakika 80, na filamu ni ya dakika 100. Kuongeza wapishi peke yake hakusaidii, wataishia kupigana vikumbo. Punguza vyakula vibaki sita au saba, vyote vikiwa vimeandaliwa nusu kabla ya milango kufunguliwa, na oda ya nyama choma ichukuliwe pale pale mtu anapokata tiketi. Mguu wa mbuzi hauivi kwa kuhimizwa.

Chipsi ndizo zitakazoagizwa zaidi, na ndizo zinazoharibika upesi. Ukizifunika zisipoe njiani, mvuke unazilainisha. Ukiziacha wazi chini ya kiyoyozi, zinakakamaa. Kaanga mara mbili: kwanza mapema, kwa moto wa wastani, bila kuzibadilisha rangi, kisha dakika mbili au tatu kwenye mafuta makali oda inapoingia. Usijaze kikapu zaidi ya nusu, la sivyo mafuta yanapoa na chipsi zinayanywa. Vile vijiti vya kuchomea chipsi viachwe mtaani, kwa sababu gizani chipsi ya kijiti huishia kwenye kapeti, na kapeti yenye mafuta ni karamu ya mende na panya. Toa uma mfupi, na sahani ya melamini yenye ukingo mrefu. Mishikaki ichomolewe vijiti jikoni. Soda imiminwe kaunta kwenye kikombe chenye mfuniko. Chupa tupu ikianguka kwenye ukumbi wa ngazi hushuka safu kwa safu mpaka chini ya skrini, na hakuna anayesikia filamu mpaka itulie.

Kuhusu kuagiza, Wamarekani walibuni njia nzuri. Katika sinema za Alamo Drafthouse, zilizoanzia Austin, Texas, mwaka 1997, kwa miaka mingi mteja aliandika oda kwenye karatasi na kuisimamisha mezani. Mhudumu alipita ameinama, akaichukua bila neno. Tuige hilo. Tusiige bili iliyokuwa ikiletwa filamu ikikaribia kilele. Hapa kwetu mtu atatoa simu alipe kwa lipa namba, na mwanga wa simu moja unawaharibia wote walio nyuma yake. Malipo yamalizwe kabla taa hazijazimwa. Atakayeongeza oda atalipia kaunta akitoka.

Mhudumu mwenye sinia anahitaji njia. Safu za sinema ya kawaida hupishana kwa mita moja na kitu. Zenye meza zinataka karibu mita 1.8. Maana yake unapoteza takribani theluthi moja ya viti, kwa hiyo anayepiga hesabu ya faida kwa tiketi peke yake asijisumbue. Kati ya jiko na ukumbi weka milango miwili na ujia wenye giza katikati, wa kwanza ujifunge ndipo wa pili ufunguliwe. Bila hivyo kila sahani itaingia na mwanga, harufu na kelele za sufuria.

Umeme wa vikaango usichanganywe na wa projekta. Projekta ya taa ya xenon inahitaji feni yake iendelee kuzunguka hata baada ya taa kuzimwa. Umeme ukikatika ghafla joto linabaki ndani na taa inaharibika kabla ya wakati. Jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka, kwa hiyo betri ya akiba lazima iwepo hapo katikati.

Mvinyo wa zabibu za hapa utauzika, bila shaka, ila maonyesho ya watoto yawe na saa zake.

Mwisho, kunawa. Michoro ya kuiga ng'ambo huweka sinki chooni tu, kwa sababu kule watu hula kwa uma. Hapa mtu ataagiza ugali na kuku, atataka kunawa kabla na baada, na hatakubali kuvuka watu 15 kila mara. Weka sinki mbili nje ya mlango wa kuingilia, na mbili kila upande wa ukumbi, nyuma ya pazia, zenye maji ya uvuguvugu na bomba lisilopiga kelele. Kila sahani ya kuku iende na kibakuli cha mifupa na kitambaa chenye maji na ndimu. Na kwa mgawo wa maji tulionao, sinki hizo ziwe na tangi lake, lisilochangia na jiko.

Mpishi wa hafla,
Dodoma