Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kitivo cha Sheria: wafundisheni kujibu kabla kesi haijazaliwa

Mwalimu, shikamoo.

Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu jambo hili si langu peke yangu. Nilisoma katika kitivo unachokiongoza, na kwa miaka sita sasa ni mwanasheria wa ndani wa kampuni inayotengeneza programu za simu. Kila mwaka napokea wanafunzi wako wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Ni vijana hodari, na hukumu wanaisoma kwa makini kweli. Lakini wakikaa mezani kwangu wanapotea kama nilivyopotea mimi.

Wiki yangu ya pili kazini, mhandisi alinitumia ujumbe wa mstari mmoja: "Tunaweza kutumia maktaba hii?" Ilikuwa maktaba ya msimbo, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa na wengine, yenye leseni ya GPL. Herufi hizo sikuwahi kuzisikia darasani. Nilijifungia siku nne, nikaandika maoni ya kisheria ya kurasa tisa, yakaishia na neno "inategemea". Nilipoyatuma, programu ilikuwa sokoni tangu juzi yake, na maktaba ile imo ndani.

Ni kweli ilitegemea, ila ilitegemea swali moja tu ambalo sikumuuliza: programu hii tunaisambaza kwa watu, au inabaki kwenye seva yetu? GPL inamruhusu mtu yeyote kutumia msimbo, lakini ukisambaza programu uliyoijenga juu yake, unawajibika kuwapa wapokeaji msimbo chanzo kwa masharti yale yale. Kampuni ilitaka msimbo wake ubaki siri. Wahandisi walikesha wiki nzima wakiing'oa maktaba ile na kuandika upya kila kilichoitegemea. Jibu nililopaswa kumpa yule mhandisi lingeenea mistari miwili: hapana, kwa kuwa tunaisambaza, tafuta yenye leseni ya MIT au Apache, zisizo na sharti hilo.

Darasani tunasoma kesi zilizokwisha. Jaji ameshachambua ushahidi na ukweli umetulia kwenye karatasi. Kwetu ukweli wenyewe haujatokea, kwani mhandisi bado anachora. Ni katika mchoro huo ndipo inapoamuliwa data gani ichukuliwe, ihifadhiwe wapi na ifutwe lini, na ndiyo maana sheria ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya, GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018, inadai faragha izingatiwe tangu hatua ya usanifu. Mwanasheria akiitwa siku ya uzinduzi, maji yameshamwagika.

Sheria hiyo hiyo inaipa kampuni saa 72 kumjulisha mdhibiti tangu ijue kuwa data binafsi imevuja, isipokuwa pale uvujaji usipoelekea kuwahatarisha watu. Nilimpa mwanafunzi wako mmoja zoezi la namna hiyo: rekodi za seva zina mapengo, na wahandisi wawili hawakubaliani kilichotokea. Aliniomba maelezo kamili kabla ya kuandika chochote. Nilimwonea huruma, maana ndivyo tulivyolelewa. Hakuna aliyemwambia kwamba taarifa kwa mdhibiti inaweza kutolewa kwa awamu: unasema unachokijua leo, mengine yanafuata.

Linaloniumiza zaidi ni swali la mteja ni nani. Vijana wanakuja wakiamini kila wanachomwandikia bosi kinalindwa na usiri wa wakili na mteja. Mteja ni kampuni, si bosi. Katika kesi ya Upjohn ya mwaka 1981, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba mazungumzo ya mawakili wa kampuni na wafanyakazi wake yanaweza kulindwa, lakini kinga hiyo ni mali ya kampuni. Mwaka 2010, katika kesi ya Akzo Nobel, mahakama ya Umoja wa Ulaya ilikataa kuyalinda mawasiliano na mwanasheria wa ndani pale Tume ya Ulaya inapochunguza masuala ya ushindani wa kibiashara, kwa hoja kwamba mwajiriwa hana uhuru wa wakili wa nje. Mtu anapaswa kulijua hili kabla hajatuma barua pepe yake ya kwanza.

Siombi somo jingine la sheria ya teknolojia lenye mtihani wa saa tatu. Naomba wanafunzi wa sheria wakae muhula mzima na wanafunzi wa kompyuta wanaojenga programu, wajibu maswali yao kila wiki kwa maandishi yasiyozidi ukurasa, na sehemu ya alama itolewe na yule mhandisi kijana: je, alielewa, na je, alijua la kufanya?

Najua wapo wahadhiri watakaosema chuo si kiwanda cha kuzalishia kampuni wafanyakazi. Nakubaliana nao. Ila mtu ambaye data yake imo kwenye simu hatakutana na wakili kamwe. Anayeweza kumtetea mapema ni yule aliyemo chumbani mchoro ukichorwa, mwenye ujasiri wa kusema "hii tusiikusanye".

Niko tayari kuja kufundisha jioni, bila malipo. Mifano ya mikataba na maswali halisi ya wahandisi ninayo, majina yameshaondolewa. Nitumie ratiba ya muhula ujao, Mwalimu, nami nitapanga kazi zangu kuifuata.

Mwanafunzi wako wa zamani