Barua ya wazi kwa msimamizi wa afya Kigoma: Kuruhusiwa wodini si kupona

Kwa Mheshimiwa unayesimamia huduma za afya mkoani kwetu Kigoma,

Shikamoo, na pole kwa majukumu.

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini zilipokelewa, zikagongwa muhuri, na sijajibiwa hata moja. Wiki iliyopita nilimpeleka tena kliniki mdogo wangu, mgonjwa wa moyo. Tulitoka Katonga alfajiri, hajanywa hata chai kwa kuogopa kuchelewa foleni. Dirishani tukapewa jibu tunalolijua: mashine ya eko, ile ya kupimia moyo, ipo, mtaalamu wa kuitumia hayupo, mrudi mwezi ujao. Mheshimiwa, huo mwezi ujao tunaahidiwa tangu mwaka jana.

Mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa, kijana wa miaka 24. Mwanzoni mwa 2024 alishikwa na mafua makali na homa, akatibiwa malaria. Homa ikashuka ila pumzi haikurudi. Akawa halali chali, analala ameketi, ameegemea gunia la nyavu. Ukimbonyeza ugokoni, kidole kinaacha shimo. Wapo ndugu waliosema amerogwa, na tulipoteza muda mwingi kwa maneno hayo. Rufaa ilipotufikisha Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ndipo tukaambiwa misuli ya moyo wake imevimba na moyo wenyewe umetanuka. Mimi naamini chanzo ni yale mafua, maana virusi vya mafua, kama vile vya UVIKO-19, vinajulikana kuleta ugonjwa huu.

Daktari wa kule alikaa na sisi akatueleza bila haraka, na hadi leo namwombea dua. Alisema wagonjwa wengi hupona na moyo ukarudia hali yake. Lakini wapo ambao moyo hubaki umetanuka, ukawa unachoka polepole, na hilo linaweza kuonekana miezi au hata miaka baadaye, mtu akiwa anajiona mzima kabisa. Wapo pia wanaobaki na kovu kwenye msuli, na kovu hilo huweza kuvuruga mapigo hadi mtu akaanguka ghafla. Kumtazama mgonjwa usoni hakukuambii yuko upande gani. Ni mpaka apimwe, kisha apimwe tena. Moyo wa mtu mzima kwa kawaida husukuma nje asilimia 55 au zaidi ya damu iliyomo kila unapopiga. Wake ulikuwa unasukuma 30, na tulipoondoka Dar ulikuwa umefika 42. Tangu hapo, Mheshimiwa, tunaishi kwa kubahatisha.

Tuliambiwa asifanye kazi nzito kwa miezi 3 hadi 6. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kati ya Mei na Agosti 2024, wenzake walilalamika, mimi nikamshukuru Mungu kwa sababu alipumzika. Lilipofunguliwa akarudi usiku kuvuta nyavu. Ana mke na mtoto, na mimi mshahara wangu wa ualimu ni huu huu mnaoujua. Ningemzuia kwa karatasi gani, wakati hakuna aliyempima aseme moyo wake unaweza kazi ile au hauwezi?

Na dawa nazo. Vidonge vya kila siku mara nyingi havipo, tunaambiwa tukanunue nje. Hela ikikosekana anaruka wiki nzima, kisha ananiambia, "Dada, mbona niko sawa, mimi nimepona." Uingereza walilifanyia utafiti jambo hilihili, matokeo yakatoka 2018: wagonjwa waliokuwa na moyo uliotanuka, wakatibiwa mpaka ukarudi vizuri, walipoachishwa dawa, takriban 4 kati ya kila 10 ugonjwa uliwarudia ndani ya miezi 6. Hao waliachishwa taratibu, madaktari wakiwaangalia. Mdogo wangu anaachishwa na bei, akiwa katikati ya Ziwa Tanganyika usiku.

Ulipokuja kuzindua ile mashine, ulisema mbele ya wazee na waandishi wa habari kwamba mgonjwa wa moyo wa Kigoma hatapanda tena treni kwenda Dar kwa ajili ya kipimo. Ni kilomita zaidi ya 1,200. Nilikuwepo, nilipiga makofi, na nilikuamini. Kwa ninavyoona mimi, aliyefundishwa kuitumia alihamishwa na hakuna aliyeandaliwa kushika nafasi yake. Mashine imefunikwa kitambaa chumbani, na wagonjwa wamejaa kwenye benchi nje ya chumba hichohicho. Inauma sana kuiona.

Bunge limeshapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote tangu 2023, na ni jambo jema. Lakini kadi ya bima haishiki kipimo kifuani mwa mgonjwa. Anahitajika mtu.

Sikuombi jengo. Naomba siku moja kwa mwezi ya kliniki ya moyo, ibandikwe ukutani, na mpimaji awepo siku hiyo. Kama mkoa hauna mtu kwa sasa, Taasisi ya Moyo hutoa wataalamu kwenda mikoani kwa utaratibu wa tiba mkoba. Waombeni waje, na wakija wafundishe vijana wetu wawili watakaobaki. Mtu wa Kakonko au Kibondo aliyekopa nauli asifike akaambiwa arudi. Na dawa za wagonjwa hawa ziagizwe mapema kwa idadi yao, maana majina yao yamo kwenye daftari lenu.

Mdogo wangu amepangiwa kurudi mwezi ujao. Tutafika alfajiri kama kawaida. Nakuomba, Mheshimiwa, safari hii mpimaji awepo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu, dada wa mgonjwa
Katonga, Kigoma