Jerikani ya Sharifa

Kampala, Jumanne usiku

Ndugu Abasi,

Salaam nyingi. Habari za Jinja, za nyumbani, za mama? Huku tu wazima, mvua tu ndiyo haituachii nguo zikauke. Nisamehe. Jumamosi uliniomba maoni ya shoo yenu ya maigizo ya papo kwa papo kabla taxi haijajaa, nami nikakujibu "mlitisha" kama watu wote. Lile halikuwa jibu. Leo nimepitia kundi la WhatsApp: alama za moto 23, makofi 11, na hakuna hata mmoja aliyetaja kitu kilichofanyika jukwaani. Halafu Sharifa, mchezaji wenu, akajitoa kwenye kundi. Ndiyo maana naandika barua badala ya kupiga simu, kwenye simu utanikata kauli kabla sijafika kwa Mrefu, aliyecheza naye.

Nianze na sifa. Nitataja vitendo, kwa sababu mtu akiambiwa "ulikuwa moto" hajui arudie nini wiki ijayo. Kapere alikikata kile kipande cha kondakta mahali pake hasa. Kicheko cha kwanza kilikuja abiria alipolipa nauli kwa kuku. Cha pili, kikubwa zaidi, kondakta alipotafuta chenji akarudisha mayai mawili. Papo hapo Kapere akapita mbio mbele ya jukwaa kutoka upande mmoja hadi mwingine, ile ishara yetu ya kukata, na kipande kikaisha kikiwa bado kitamu. Angechelewa sekunde kumi, wale wawili wangeanza kuueleza mzaha wao wenyewe. Mama Zam naye aliingia kama mbuzi, akakaa pembeni anatafuna, na wenzake walipokuwa wakisema hakulia hata mara moja. Wangapi kati yetu tungeweza kuwa mbuzi dakika tatu bila kulia? Mwambie, tena mwambie mbele ya watu.

Sasa jerikani.

Sharifa alipoingia na jerikani ya lita 20 kichwani, ile isiyokuwepo, shingo ilikuwa imekaza, mkono mmoja juu, nyayo zinatafuta pa kukanyaga. Lita 20 ni kilo 20, na mwili wake ulijua. Wakati wa kuitua alikunja magoti kwanza, akaishusha kwa mikono miwili, akangoja maji yatulie ndipo akaachia. Hata wale vijana wa mlangoni walinyamaza. Akanyoosha mgongo, akasema: "Baba Musa, maji ya leo yamenisemesha njiani."

Abasi, ofa iliyoiva, yaani wazo unalomtupia mwenzako alijenge, ndiyo ile. "Baba Musa" imeshampa mwenzake jina, mke na mtoto. "Yamenisemesha" imempa ajabu. Mrefu alibakiwa na kazi ya swali moja tu: yamesema nini? Au aseme hata yeye jana yalimwita. Au ashtuke kwamba maji yametoboa siri yake. Keith Johnstone, yule wa Calgary aliyeanzisha Theatresports mwaka 1977, alikuwa akisisitiza mtu aseme lililo dhahiri kwake, asihangaike kutafuta ujanja. Mrefu akatafuta ujanja. Akapita juu ya jerikani, juu yake kabisa, maji yote yakayeyuka, akasimama kifua mbele kama askari: "Wewe! Simama! Kitambulisho iko wapi?"

Ukumbi ukalipuka, najua. Ndiyo maana Mrefu anaamini alikiokoa kipande, na ndiyo maana hakuna wa kumgusa. Lakini hesabu nami, wewe unayeijua kunishinda Harold, ule mchezo mrefu wa vipande vitatu vinavyorudi kwa mizunguko mitatu. Mzunguko wa kwanza mlikuwa na kondakta, maharusi na jerikani. Wa pili, kondakta akarudi akilipwa kwa ng'ombe, maharusi wakarudi na mashemeji. Cha Sharifa kirudi na nini? Maji yanayosema yalikwisha kukanyagwa, kwa hiyo kilirudi na kizuizi cha barabarani. Mzunguko wa tatu, vipande vinapotakiwa kugongana, kizuizi tena. Ile dakika ya mwisho mlipokuwa mnaangaliana, kila mmoja anangoja mwenzake akate, mzizi wake ulikuwa hapo, dakika 20 nyuma. Watu walidhani mmechoka. Hamkuchoka, mlikosa mguu wa tatu wa jiko.

Kuna jambo la pili ndani ya hilo hilo, nalo ni letu sote, huku Kampala pia. Hapa Uganda mtu akifungua kinywa kwa Kiswahili jukwaani, watazamaji wanamvisha magwanda. Wazee wana sababu zao, miaka ya Amin haifutiki kwa mazoezi ya Alhamisi. Lakini ninyi mko Jinja, bwana! Mtaani kwenu Walukuba watu wanaazimana chumvi kwa Kiswahili, wanaposana kwa Kiswahili. Katiba inakiita lugha rasmi ya pili tangu 2005, mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kiwe cha lazima shuleni, na jukwaani bado kinashika bunduki. Sharifa alikileta kama mke aliyetoka kisimani. Sekunde sita baadaye kikarudishwa kambini.

Dawa yake ni ya mazoezi, hotuba hazisaidii. Alhamisi chukua dakika 20, vipande vya dakika mbili mbili, Kiswahili kitupu, na sare yoyote ni marufuku. Mkunga. Fundi cherehani aliyekata gauni vibaya. Mume anayeomba msamaha mlangoni. Atakayetamka "kitambulisho" atoe shilingi 500 za chai. Naona Mrefu atawanywesha chai mwezi mzima.

Na kicheko, banange. Ukumbi wenu unacheka mara mbili. Mstari wa Kiswahili ukitoka, upande wa kulia wanacheka. Upande wa kushoto jirani anamnong'oneza jirani kwa Luganda au Lusoga, na kicheko chao kinafika baada ya sekunde tatu hivi. Jumamosi mliendelea kusema juu ya kicheko cha pili karibu kila mara, watu wakapoteza mstari unaofuata, na baadaye mkawalaumu eti wamepoa. Msisimame kama nguzo mkiwangoja. Fanyeni kitu kwa mikono: funga kamba ya mbuzi, kamua nguo, hesabu chenji. Macho yakipata kazi, sekunde tatu hazionekani.

Mengine ni madogo. Kuomba neno: "Tupeni neno lolote!" inaleta maneno kumi kwa mpigo, na atakayeshinda ni mlevi wa nyuma. Uliza swali lenye jibu moja, kama "kitu gani kiko chini ya kitanda chenu?", chukua la kwanza ulilosikia, lirudie kwa sauti, shukuru, anza. Maikrofoni ya kupokezana iondoeni kabisa. Mkono uliobeba maikrofoni haubebi jerikani, na Sharifa aliiweka chini kwa makusudi, ndiyo maana alisikika kidogo lakini alionekana. Mbili zilizosimama ukingoni mwa jukwaa zinatosha, na jenereta isogezwe nyuma ya choo. Kuhusu mvua: ikipiga mabati hakuna koo la kushindana nayo, kwa hiyo muwe na michezo mitatu isiyo na maneno, mmeikubali kabla, na ishara moja ya mkono ya kuhamia huko. Jumamosi mlipiga kelele dakika nne. Sauti ya Kapere bado haijarudi, au siyo?

Narudi kwa Sharifa, maana hilo ndilo linaloniuma.

Usiyaandike maoni kwenye kundi, hata mazuri. Na msiyatoe usiku ule ule wa shoo, mtu bado ana jasho na masikio yake yamejaa makofi. Kuleni, mwende nyumbani. Kwenye mazoezi yanayofuata, kila mmoja ataje kitendo kimoja cha mwenzake kilichomsaidia yeye, kwa mfano "ulipoitua jerikani nilijua tuko uani". Zunguka watu wote, hata kama itachukua robo saa. Baada ya hapo mwenye kusema ni wewe peke yako. Wachezaji kurekebishana wao kwa wao ndiko kulikozaa ugomvi wa mwaka jana, unakumbuka ile habari ya viatu. Kila mtu asipewe zaidi ya mawili. Mwambie nini kilitokea, kilifunga mlango gani, na angeweza kujaribu nini. Anayeambiwa aseme "asante" basi, asijitetee. Kisha mrudie kipande hicho hapo hapo dakika mbili, la sivyo maoni yanabaki kuwa lawama.

Kwa Mrefu, usimwambie "unazuia wenzako". Atakuuliza lini, wapi, na watu walicheka. Mwambie: Sharifa alisema maji yamemsemesha, ukamwomba kitambulisho, maji hayakupata nafasi ya kusema tena. Jaribu sasa kuuliza yamesema nini. Wawekeni wale wale wawili, jerikani ile ile, pale pale. Wewe kaa pembeni uelekeze mchezo ukiendelea, kama Viola Spolin wa Chicago alivyofundisha: neno moja au mawili, "uzito!", "muulize!", bila kuwasimamisha. Na umtendee haki, aliogopa ukimya. Ukumbi uliponyamaza kwa Sharifa, Mrefu alidhani wamechoshwa, kumbe walikuwa wameinama mbele kwenye viti. Hilo mwambie pia, kutoka jukwaani halionekani, taa zinampiga machoni.

Nina ombi. Nenda kwa Sharifa mwenyewe, kwa miguu, kabla ya Alhamisi. Usimbembeleze arudi kwanza. Mweleze ile jerikani jinsi ilivyoonekana kutoka safu ya tatu, magoti, kungoja maji yatulie, yote. Sidhani kuna aliyemwambia. Kama anataka kupumzika apumzike, lakini asiondoke akidhani kipande kilikufa mikononi mwake.

Je, anapokea simu zako? Mama yake anasemaje? Na Mrefu ameuliza kwa nini katoka, au anajifanya hajaona? Makusanyo ya mlangoni yalifika ngapi baada ya kulipa ukumbi, na yule mzee bado anadai pesa za viti viwili vilivyovunjika? Unaweza kunikopesha Kapere mwisho wa mwezi, nauli juu yetu, tuna shoo na hakuna anayejua kukata? Mtoto wa Mama Zam amepona? Na niambie ukweli: maji yangesema nini? Tumebishana hapa tangu Jumapili.

Wasalimie wote, Mrefu pia.

Ni mimi,
Twaha