Vumbi la kioo cha nyuma si uvivu wa dereva

Mhariri,

Msomaji mwenzangu alilalamika katika ukurasa huu kwamba madereva wa stesheni wagoni zinazobeba abiria kati ya miji yetu na senta za vijijini ni wavivu, kwa kuwa vioo vya nyuma vya magari yao hujaa vumbi jekundu hadi watoto wanayaandikia majina yao kwa kidole, ilhali magari madogo yenye buti lililojitokeza hupita barabara zilezile za muramu na vioo vyao vikabaki vinaonyesha. Alichokiona ni kweli. Sababu aliyoitoa ndiyo isiyo sahihi, na kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha fizikia, naomba nafasi nieleze.

Gari linapokwenda, hewa hupanda juu ya boneti na kupita juu ya paa ikiwa imeshikamana nalo. Kwenye gari lenye buti, ikifika mwisho wa paa hukuta kioo kilicholala, ikateremka nacho kuelekea kwenye buti, na huko nyuma ndiko inakoachana na gari. Stesheni wagoni haina mteremko huo, kwa sababu paa lake huenda moja kwa moja hadi mwisho, kisha mwili wa gari hukatika karibu wima. Hewa yenye kasi haiwezi kukunja kona kali namna hiyo. Huachana na bati pale pale ukingoni, na nyuma ya gari hubaki nafasi yenye mgandamizo mdogo, ambayo hujazwa na hewa inayozunguka, mkondo mmoja ukishuka kutoka juu na mwingine ukipanda kutoka chini ya gari. Aliyewahi kutazama majani yakizungukazunguka nyuma ya jiwe kubwa mtoni, badala ya kwenda na maji, ameshaliona jambo hili.

Mkondo unaopanda kutoka chini ndio mbeba vumbi. Magurudumu hurusha kokoto na unga kwa pamoja, lakini kokoto, kwa uzito wake, hushika njia yake na kurudi barabarani, ilhali unga mwembamba hufuata hewa popote iendako, huingia kwenye mzunguko ule, hupandishwa hadi kwenye kioo, na hapo hutua. Kwa hiyo gari hujichafua lenyewe, hata kama mbele yake hakuna lori linalotimua vumbi. Msimu wa mvua mambo ni yaleyale, ila unga umegeuka matone ya tope. Gari lenye buti nalo halisalimiki: vumbi lake hutua kwenye taa za nyuma na kibao cha namba, vitu ambavyo dereva havioni akiwa ameketi, na nadhani ndiyo maana tunalihesabu kuwa safi.

Mlalo wa kioo ndio unaoamua. Mwaka 1984 mtafiti S. R. Ahmed na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ya sanduku lenye umbo la gari, ambalo mgongo wake uliweza kubadilishwa mlalo, likiwa ndani ya njia ya upepo wa mashine. Mgongo ulipoinama kwa chini ya nyuzi 30 hivi kutoka usawa wa paa, hewa iliweza kuufuata. Ulipozidi hapo, iliachana nao kabisa, kama inavyoachana na stesheni wagoni.

Wapo wanaodhani dawa ni kununua spoila, yaani kibao kinachofungwa nyuma ya gari penye ukingo wa paa. Zamani, hasa miaka ya 1960 na 1970, stesheni wagoni nyingi za Marekani ziliwekwa kibao kilichopinda juu ya mlango wa nyuma, kikiwa na mwanya kati yake na paa, ili sehemu ya hewa ya paani ielekezwe chini ikapite juu ya kioo. Spoila nyingi tunazoziona leo hazina mwanya huo. Ni paa lililorefushwa kidogo, na hewa huachana nalo sentimita chache nyuma ya pale ilipokuwa ikiachana mwanzo. Hupendeza macho. Kioo hubaki na vumbi lake.

Kinachofaa ni waipa ya nyuma yenye maji, na hapa ndipo wenye magari, si madereva peke yao, wanapostahili kuulizwa. Ukilitazama kwa karibu gari kuukuu la abiria, utakuta mara nyingi kitundu cha kurushia maji kimezibwa na udongo ulioganda, mpira wa waipa umekauka na kupasuka, au mkono wake umeng'olewa kabisa na pahali pake pamezibwa kwa kipande cha plastiki. Dereva anabaki na kitambaa kikavu. Kitambaa hicho nacho ni hasara, kwa sababu vumbi la muramu huwa na chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko kioo, na kila anapofuta huacha mikwaruzo inayotawanya mwanga wa taa za magari ya nyuma usiku. Heri akimwagie kioo maji kwanza.

Lipo jambo jingine linaloletwa na mzunguko huohuo wa hewa, nalo ni zito kuliko uchafu. Magari haya husafiri mlango wa nyuma ukiwa umefungwa kwa kamba, nusu wazi, kwa sababu ya mikungu ya matoke au godoro lililochomoza. Mkondo unaopandisha vumbi hupandisha pia moshi wa ekzosi, na mlango ukiwa wazi, moshi huo huvutwa hadi ndani walipoketi abiria. Ndani yake mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu kuliko oksijeni. Abiria wa kiti cha nyuma anayelalamika kwamba kichwa kinamuuma anaambiwa ni uchovu wa safari. Mzigo wa namna hiyo upandishwe kwenye keria na mlango ufungwe.

Askari wa trafiki wanaosimamisha magari haya kukagua matairi na leseni wangeweza pia kumwambia dereva awashe waipa ya nyuma na kurusha maji, wakaona kama yanatoka.

Wako,
Mwalimu wa fizikia,
Tororo