Aliyepigwa na jua hapewi dawa ya homa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni muuguzi mstaafu, na jirani yangu anajenga. Wiki iliyopita walikuwa wakimwaga slebu. Saa nane mchana saidia fundi mmoja akaanza kuuliza karai lake liko wapi, na karai lenyewe analo mkononi. Wenzake wakacheka. Haukupita muda akapepesuka na kuanguka kwenye kokoto.

Nilipofika walikuwa wamemzunguka. Mmoja amemfunika turubai, mwingine anamlazimisha kumeza dawa ya homa kwa soda. Msimamizi akasema ni malaria tu, kwani bado anatoka jasho. Aliyepigwa na jua, alidai, hukauka.

Naomba nafasi nimjibu. Katika malaria ubongo wenyewe hupandisha kiwango cha joto unachokitaka, na dawa hukishusha. Kwa aliyepigwa na jua kiwango hicho hakijapanda. Mwili umezidiwa tu, joto la jua na la misuli linaingia kuliko linavyotoka. Dawa haina cha kushusha, inalitwisha mzigo ini ambalo huenda limeshaanza kuumia.

Na jasho halipozi mwili kwa kutoka, linapoza kwa kukauka juu ya ngozi. Kwa unyevu huu wa Dar mwezi Februari linachuruzika mpaka kwenye kandambili, maji na chumvi vikipotea bure. Maji yakipungua, damu nayo hupungua, moyo unakimbia, kisha mwili unaibania ngozi damu ili isikosekane kwenye moyo na ubongo. Hapo joto limefungiwa ndani. Mzee aliyelala chumba cha bati huenda kweli akakauka ngozi, lakini kijana anayebeba zege anaweza kufika nyuzi 41 huku akitiririka jasho. Tazameni akili: anaropoka, anagomba bila sababu, anayumba kama mlevi. Lile swali la karai ndilo lililokuwa king'ora.

Tulimvuta kivulini, tukamvua shati (mgongoni chumvi ilishachora ramani nyeupe), tukammwagia ndoo baada ya ndoo huku vijana wawili wakimpepea kwa maboksi. Barafu ya mama wa juisi tukaiweka shingoni, kwapani na kwenye kinena. Bajaji ilikuwa ikitafutwa, nasi hatukuacha kumwaga, maana ubongo hausubiri foleni ya barabarani. Mdomoni hatukutia kitu. Asiye na fahamu sawasawa anaweza kuyavuta maji mapafuni. Ndani ya bajaji akauliza nani kamlowesha. Nikashusha pumzi.

Sasa niseme la pili. Pipa pekee la maji pale lilikuwa la kuchanganyia saruji. Ya kunywa kila mtu ajinunulie, kwa ujira ule ule wa siku. Najua slebu ikishaanza haikatizwi katikati. Basi ianze alfajiri, badala ya saa tatu kokoto zikiwa zimeshapata moto, na pipa la maji safi liwekwe kivulini.

Nilipomweleza msimamizi hayo, alinijibu kwamba mafundi wamezoea jua. Mwili huhitaji kama wiki moja hadi mbili kuizoea kazi ya juani. Yule kijana alikuwa na siku ya tatu kazini.

Muuguzi mstaafu,
Mbagala, Dar es Salaam